Watoto wamjue babu yao wa ujanani, wafanyeje?

Dada, umesema mzee sio msemaji na ulichopata ni sanduku lake la bati lenye kipande cha mkonge (ile kadi ya kazi ya shamba la mkonge, kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama), leso za bibi na picha za zamani. Mi naona usianze na hadithi, wape watoto vitu washike. Hicho kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, waache wahesabu wenyewe alafu jioni wakae nae barazani wamuulize, babu siku hii mbona haina alama, ulikuwa unaumwa? Swali dogo hivo ndo linamfungua mtu mzima, ukimwambia "tusimulie ujana wako" atakwambia tu tulifanya kazi, basi.

Bibi yangu huku Tanga alikuwa kimya miaka yote mpaka mwanangu alipomsomea jina la leso yake ya harusi, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, wallahi alilia, akacheka, akasimulia mpaka adhana ya magharibi na sisi hatukurekodi hata dakika moja, inaniuma mpaka leo. We weka simu pembeni irekodi. Picha andikeni majina nyuma kwa penseli laini, peni inapenya, na lamineshini usithubutu.