Mleta mada, hilo pilau la jioni liache Dodoma

Mkuu, umeandika kwamba bosi wako Msri Lanka amekualika hekalu la Wabudha la Upanga, Dar, siku ya Vesak, sikukuu yao kubwa, utapanda treni ya SGR asubuhi na hotipoti la pilau, uwakabidhi watawa jioni. Halafu ukauliza nguo, kusujudu na kupiga picha. Picha achana nazo kwanza. Hotipoti ndilo litakalokuumbua.

Watawa wa Theravada (tawi la kale la Ubudha), kama hao wa Upanga, hawali chakula kuanzia adhuhuri mpaka alfajiri. Si mfungo wa msimu, ni kila siku iendayo kwa Mungu. Mimi nilipotoshwa na mjuaji mmoja wa grupu letu la WhatsApp. Aliwahi kuwa dereva wa Wasri Lanka, basi akajiona balozi. "Wanakula baada ya ibada ya jioni, kama futari." Futari! Nikanunua mchele wa Kyela na nyama ya mbuzi, nikaamsha nyumba nzima usiku wa manane tukapika. Nikaingia hekaluni saa nane mchana, jasho linanitiririka, sufuria mkononi. Mtawa akatabasamu, akaniuliza habari za Dodoma, mfuniko hakuugusa. Nikasema basi pokeeni mle kesho. Wapi! Chakula akishakabidhiwa mtawa hakilazi. Nikawageukia waumini waliovaa nyeupe, kumbe nao wengi siku hiyo wameshika amri nane, yaani masharti ya kujizuia ya waumini, hawali mpaka kesho. Wakala walinzi na bodaboda wa pale nje, na mmoja wao hadi leo kila ikikaribia Vesak ananipigia kuuliza kama nakuja. Nilipombana mjuaji, akajibu, "Labda wamebadili ratiba." Ratiba ya miaka zaidi ya 2,000!

Kabla ya saa sita, mkuu. Shuka Dar siku moja kabla, lala kwa shemeji, saa nne uwe Upanga chakula kikiwa cha moto. Mkabidhi mtawa mkononi, usikiweke mezani ukaondoka, maana asichopewa hali. Na bosi ajue mapema, pengine zamu za kulisha zimeshapangwa.

Nguo ni nyeupe, za heshima, viatu nje.

Ukichelewa kabisa, beba juisi ya zabibu zetu, ichujwe vizuri. Hiyo wanaruhusiwa hata saa kumi jioni, zabibu imo kwenye vinywaji alivyoruhusu Buddha mwenyewe. Nimesema juisi. Ile chupa ya mvinyo uliyoitaja mwishoni mrudishie aliyekushauri, na uniambie kama aliwahi kuwa dereva.