Shangazi, Viatu Vyake Vina Vumbi. Nimwamini?

Mama Wawili wa Umoja,

Pole kwa yaliyopita. Mume kumaliza karo ya watoto kwenye kamari si jambo dogo, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa tuambiane ukweli.

Unasema tangu aape kuacha mwaka umepita, na kila Jumamosi mshahara wake wa kiwandani Industrial Area anakutumia wote kwa M-Pesa. Wewe unampa shilingi 100 kwa siku, "ya nauli na chakula." Halafu unalalamika: siku hizi anafika saa tatu usiku, viatu vimejaa vumbi hadi kwenye kamba, na ugali anaumaliza kabla hujaketi. Tena alionekana Donholm, kwa hiyo lazima ana mwanamke huko.

Mwanangu, Donholm si njiani, kutoka Industrial Area kuja kwenu Umoja? Mumeo anatembea kwa miguu! Shilingi 100, Nairobi hii, ambapo mvua ikidondoka kidogo tu makanga wanapandisha nauli. Akila chapati na maharagwe mchana, arudi na nini? Mwanamume aliyetoka kwa mpango wa kando hafagii sufuria hivyo. Simu umeipekua, mifuko pia, na umekiri mwenyewe hukupata kitu.

Kilichonikera ni kile ulichokipitisha haraka haraka katikati ya barua: ploti ya Joska uliyoandikisha kwa jina la dada yako, "kwa usalama." Kwa pesa za nani? Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inatambua hata mchango wa kulea watoto na kazi za nyumbani, sembuse wa mtu anayekukabidhi mshahara mzima. Kwa sasa mwenye siri katika nyumba hiyo ni wewe.

Nyinyi wa siku hizi mnaoana, kisha mnachungana kama askari wa getini. Huyu anaficha simu chini ya mto, yule anaficha risiti. Mtapumzika lini?

Unanitajia kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Kama ulishamhukumu, mbona uliniandikia? Ukingoja shaka iishe yote ndipo umwamini, utazeeka ukingoja. Mwongezee pesa za kutumia, mketi mpange bajeti pamoja, na habari za ploti azisikie kwako kabla dada yako hajaropoka. Akikasirika, mvumilie, kama yeye alivyokuvumilia ukimpekua mifuko.