Maji Maji ni mada, swali lako liko wapi?

*Mwalimu shikamoo. Nataka kuandika tasnifu kuhusu Vita vya Maji Maji. Nianzie wapi? (Songea)*

Marahaba. Wewe ni wa nne mwezi huu. Unataka kujua nini hasa? Kama ni njaa iliyowapata Wangoni baada ya vita, sema hivyo, ndipo tuzungumze vyanzo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani, mengine ya mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani wa leo unamtoa jasho. Huna Kijerumani? Badili swali mapema, usingoje mwezi wa mwisho. Zipo simulizi za wazee waliozikumbuka siku zile, zilizokusanywa na wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1968. Kuhusu waliokufa, Wajerumani walisema 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi 300,000. Usiokote tarakimu moja ukakimbia nayo: tuambie nani kahesabu, na alikuwa na haja gani. Von Götzen, gavana wa Wajerumani wakati wa vita, alitoa kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Kitumie kumjua gavana. Kinjikitile, mganga aliyegawa maji ya vita, humo utamwona kwa macho ya waliomnyonga.

*Wikipedia inaruhusiwa?*

Kusoma, ndiyo. Kunukuu, hapana. Nimeshajibu hili mpaka nimechoka.

*Msimamizi anasema marejeo yangu matatu hayapo. Nilipewa na akili mnemba.*

Basi hayapo. Juzi nimesahihisha kazi iliyotaja makala ya jarida fulani, toleo na kurasa vikiwa kamili. Nikalifungua jarida lenyewe: kurasa zile zinazungumzia magonjwa ya mihogo. Mwenye kazi alikuwa anaandika juu ya mahari. Usichokisoma usikitaje, hata kama umepewa na profesa.

*Dodoso langu lina maswali 64. Yanatosha?*

Yanatosha kumfukuza mtu. Mama wa vitumbua hawezi kuacha mafuta yaungue kwa ajili ya shahada yako. Akifika swali la kumi na tano atajibu "ndiyo" kila mahali ili uondoke, nawe utaziita data. Kila swali liulize: jibu lake nitalipeleka sura ipi? Lisilo na pa kwenda lifute. Kisha jaribu dodoso kwa watu watano usiowajua. Dada yako hahesabiki.

*Niko Kenya. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, naweza kuomba baada ya kukusanya data?*

Hapana. Na tarehe usiichezee, wataiona.