Mwalimu mgeni, usiazime fimbo ya mtu kunyamazisha darasa lako

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana aliyeripoti kituo chake cha kwanza, shule ya kata. "Shikamoo madam. Nikigeuka tu kuandika ubaoni, Kidato cha Kwanza wanalipuka. Mwalimu wa nidhamu anakuja kuninyamazishia, lakini akitoka wanaanza upya. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Sote tuliingia kazi hii tukitaka kuwa yule mwalimu ambaye wanafunzi wake watamtaja hata wakiwa na wajukuu. Halafu unakabidhiwa chaki na kipindi cha saa saba mchana, watoto wana njaa na bati linachoma.

Mimi niliajiriwa baada ya ile ada ya shilingi 20,000 ya sekondari za kutwa kufutwa, Januari 2016. Watoto walikuja, na ni haki yao, lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Nilipewa Baiolojia, mkondo wenye wanafunzi waliopita themanini, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mazoezi ya kufundisha ya chuoni hayakunisaidia sana, maana kule unaingia darasani na msimamizi wako amekaa nyuma na daftari, na watoto wanakuwa malaika.

Wiki za mwanzo mwalimu mmoja mwandamizi alipita nje, akasikia kelele, akaingia bila hodi. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akachapa dawati zima, aliyekuwa akiongea na asiyeongea, kisha akanigeukia mbele yao: "Madam, hawa ukiwachekea watakupanda kichwani." Kesho yake kelele zilipoanza, monita alisimama kwa adabu kabisa akaniuliza, "Madam, nikamwite?" Darasa zima likanitazama kusubiri jibu. Mtoto yule hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameelewa kilichotokea kuliko sisi walimu: darasa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Na alichokifanya mwalimu yule mwandamizi hakikuwa halali. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Hakuna kifungu kinachomruhusu mpita njia.

Nilimjibu monita, "Hapana, kaa." Kisha nikaacha kufundisha, nikatembea kati ya madawati nikisikiliza zile kelele zinasema nini. Nakusihi ufanye hivyo hata mara moja. Nilichokisikia zaidi ni "Amesema nini?" na mwenzake akimweleza kwa Kiswahili, tena anamweleza vibaya. Hawa watoto wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza tunawamwagia Kiingereza mfululizo kipindi kizima na tunashangaa wananong'ona. Sehemu kubwa ya kilichoitwa utovu wa nidhamu ilikuwa watoto wanatafutana kwenye giza.

Tangu siku hiyo nikieleza jambo moja ninanyamaza. Nawaambia: mwambie jirani yako nilichosema, kwa lugha unayoiweza. Dakika mbili. Zile kelele zinakuwa na muda wake, na zikiisha namsimamisha yeyote, si mjuaji wa mbele, anieleze. Mtoto anayejua anaweza kuitwa hachezi ovyo.

Jambo la pili ni njia. Sogeza madawati hata kama yatabanana ukutani, upate vichochoro viwili vya kukufikisha nyuma. Mwalimu asiyeweza kufika dawati la mwisho anafundisha nusu ya darasa, na ile nusu nyingine inajua. Mimi natembea na kalamu nyekundu. Madaftari themanini siwezi kuyasahihisha kwa mkupuo, ila kumi na tano naweza, wakiwa wanaandika, kesho kumi na tano wengine. Nikifika nyuma sigombi. Nasimama hapo hapo, naweka vema au kosa, naendelea kufundisha nikiwa huko huko nyuma.

Ile karatasi ya "wapiga kelele" anayoandika monita, ifute. Nimeiona vya kutosha: anaandikwa aliyegombana na monita, anafutwa aliyemgawia karanga. Unamwadhibu mtoto kwa ushahidi wa namna hiyo, na darasa zima linajua ukweli isipokuwa wewe.

Na ufike mapema. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi wa sasa wanasubiri kengele wakiwa ofisini na simu mkononi. Dakika tano za darasa lisilo na mwalimu utazilipa kipindi kizima. Ingia, andika swali moja ubaoni, wakae wakiwa na kazi. Jifunze majina pia. Nilianza na safu ya nyuma, kwa makusudi.

Leo wanaokuja mafunzo kwa vitendo shuleni kwetu wanaambiwa wakakae nyuma ya darasa langu waone. Najivunia hilo na silifichi, kwa sababu nimelitolea jasho, na hakuna mtoto niliyemtandika ili nilipate. Walimu wenzangu, hawa watoto wametembea kilomita kuja kutusikiliza. Tusiwapokee kwa hasira za mishahara na nyumba za kupanga. Jiandae, fika, waite kwa majina yao. Mwalimu aliyeingia bila andalio la somo asimlaumu mtoto aliyechoka kumsikiliza.

Sasa wewe, mdogo wangu. Kabla ya Jumatatu mtafute huyo mwalimu wa nidhamu. Ni mkubwa wako kazini, mwamkie vizuri, mkiwa wawili tu, si mbele ya ofisi nzima. Mwambie, "Mwalimu, nashukuru kwa kunisaidia. Naomba uniachie darasa lile mpaka likizo ya Juni, likinielemea nitakufuata mwenyewe." Wengi wakiombwa kwa heshima hukubali. Kisha mwambie monita kwamba kuanzia leo hakuna wa kuitwa.