Barua kwa mwanangu: kiwanja kinaonekana masika

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza uchukue mkopo wa benki ununue kile kiwanja cha Iyunga ujenge apatimenti nne za kupangisha wanafunzi wa chuo cha MUST, au usubiri akiba itimie. Hayo ya riba mkeo anayajua kunizidi, kaeni wawili. Mimi nauliza, umekiona masika? Maana ulikuja Agosti, vumbi tupu, dalali anakuzungusha na bodaboda, na Agosti kila kiwanja Mbeya hii ni kizuri.

Kile cha bondeni baba yako alichokipenda unakijua. Bei poa, barabara karibu, kale kamto kamekauka watoto wanachezea mpira humo. Nikasema hela haitoki mpaka Machi. Baba yako akaninunia, na shangazi yako akatamka mbele ya wageni kwamba nazuia maendeleo ya kaka yake, hilo linaniuma mpaka leo. Machi tukaenda, maji magotini, jirani anapitisha magodoro dirishani. Baba yako hakusema neno, tulipofika Kabwe akaninunulia mahindi ya kuchoma mawili, akachagua mwenyewe yale laini. Nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Na siyo maji tu, sheria ya mazingira ya 2004 inataka ukae mita 60 kutoka mtoni, ukiingia humo siku wakikuchorea X ya kubomolewa ukutani benki haijali, yenyewe inataka rejesho.

Najua utasema mama, nikisubiri masika wenzangu wananunua. Ni kweli, pale karibu na chuo viwanja havikai. Labda nakuchelewesha bure... hapana, kiwanja kinaonekana masika! Au basi, kama huwezi kusubiri, ingia kwa majirani wa siku nyingi, siyo kwa mwenyekiti wa mtaa tu, waulize maji yanapita wapi, angalia alama kwenye kuta zao. Hapo naweza kulegeza kidogo.

Muuzaji aje na mkewe wasaini wote, na hati ukaihakiki ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Kila apatimenti iwe na mita yake ya LUKU, wapangaji wanagombana sana kwa umeme.

Sikwambii nunua, sikwambii acha, japo ulimi unaniwasha. Mvua zinaanza Novemba, zikichanganya njoo tukakikanyage wote, nauli nitakutumia.

Mama yako