Kabla Hujazamisha Nyambizi Tatu Malindi

"Maji yanaanza kupwa saa nne," nahodha alisema, nami nikaandika 4 kwenye daftari. Mwenzangu aliyepanga safari aliisoma kama saa kumi alfajiri, hadi nilipomsahihisha. Simu yangu ingesema 10:00. Mbili kati ya nyambizi zetu tatu ndogo zinazojiendesha, za kupima tope ambalo mto Sabaki humwaga baharini, zilihesabu kwa saa ya Greenwich, kwa hiyo kwao ilikuwa 07:00. Ya tatu ilikuwa imefunguliwa kubadilishwa betri, na mtu mmoja (mimi) akaiweka saa yake kwa kutazama simu.

Tulipozishusha mbele ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, mbili zilingoja zamu kama zilivyoagizwa. Ya tatu iliona saa ya kuanza imeshapita, ikazama palepale na kwenda zake. Jioni tulipounganisha vipimo, ramani ilionyesha tope la Sabaki likirudi mtoni huku maji yanakupwa.

Siku hizi vijana wakiniuliza kuhusu nyambizi ndogo zinazojiendesha, swali la kwanza huwa ni ngapi zinatosha. Mimi huwauliza: hicho unachopima kinabadilika haraka kiasi gani? Tope la Sabaki haliko mahali pamoja asubuhi na mchana. Kati ya maji kujaa na kupwa una kama saa sita, na nyambizi ya mita 1.5 kwa sekunde hukata kilomita 5 na kidogo kwa saa. Moja peke yake ikimaliza mstari wa mwisho wa vipimo, ule wa kwanza umeshakuwa bahari nyingine. Tatu zikigawana mistari, unaipata bahari ikiwa bado ileile. Faida ya kundi ndiyo hiyo. Ukizibananisha zote zinapima maji yale yale, na hapo umelipia betri tatu kwa jibu moja.

Halafu kuna mkondo. Nje ya miamba, hasa wakati wa kusi, maji huenda kaskazini kwa mita 1 kwa sekunde au zaidi. Piga hesabu: nyambizi hiyo hiyo ikifuata mkondo huenda kilomita 9 kwa saa, ikiupinga inabaki na 1.8. Iliyopangiwa kwenda kusini itakuwa bado inahangaika wakati wenzake wanasubiri kuokotwa. Sisi huwa tunachora mistari ya kukata mkondo, kutoka pwani kwenda nje, ili zote ziteseke sawa.

Kuhusu kuzungumza chini ya maji, punguza matumaini. Mawimbi ya redio hayafiki mbali ndani ya maji ya chumvi, na setilaiti huko hakuna. Kinachobaki ni sauti, nayo husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde. Nyambizi zikiwa kilomita 3 mbali, neno moja huchukua sekunde mbili kufika, na mbili zikisema kwa pamoja hakuna linalosikika. Kwa hiyo kila moja hupewa zamu yake ya kusema, na iseme machache tu: niko wapi, kina gani, betri imebaki ngapi. Vipimo vyenyewe vingoje ufukweni. Ukitaka kujua umbali kwa kuhesabu muda wa sauti, saa ikikosea sehemu moja ya elfu ya sekunde umekosea mita 1.5. Mimi niliwahi kukosea saa tatu nzima!

Agosti 2006, kwenye ghuba ya Monterey kule California, kundi la Naomi Leonard wa chuo kikuu cha Princeton liliongoza nyambizi za kuteleza zisizo na rafadha. Zilikuwa zikiibuka kila baada ya saa kadhaa, zinatuma habari kwa setilaiti, kompyuta ya nchi kavu inazipangia njia upya ili zisisongamane, kisha zinazama tena. Mapatano yalifanyika juu. Nami nashauri hivyo hivyo: panga saa na mahali pa kuibuka, na uiambie kila moja la kufanya ikiwa haisikii wenzake.

Jambo la mlangoni pa mto ambalo sikulisoma popote: nyambizi ya kilo 50 iliyosawazishwa kwa maji ya chumvi ikiingia maji matamu huwa nzito kwa zaidi ya kilo 1. Yetu moja ilikaa tumbo kwenye matope dakika arubaini. Isawazishe iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoona inafaa.

La mwisho ni watu. Siku ya pili ile nyambizi yangu yenye saa mbovu iliingia kwenye jarife. Nyavu zilichanika, na tulilipa, tena bila kubishana. Mvuvi aliyeivuta aliiacha ikielea ameifunga kamba, boti yake mita mia kutoka hapo. "Ami, mbona hukuipandisha?" nilimuuliza. "Mwanangu, kitu chekundu kama kombora, kinawaka taa, kimeandikwa Kizungu. Wewe ungekipandisha?"

Sasa jioni ya kuamkia safari napita kwa watu wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, Mambrui na Mayungu, nawaonyesha mistari kwenye karatasi, wananiambia nyavu zitalala wapi nami nahamisha yangu. Na ubavuni, kwa herufi kubwa nyeupe, tumeandika: HAILIPUKI. TAFADHALI PIGA SIMU.