Maswali ya Wasomaji: Uji wa wanga na usomaji usiotulia

Swali: Ninapima uangavu wa uji wa wanga kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaopita kwenye sampuli. Wanga uliobadilishwa kwa asetati hunipa asilimia tofauti ya mwanga unaopita kila siku, na ule uliofungwa viungo vya msalaba kwa fosfati hupitisha mwanga kidogo kuliko wanga wa asili. Je, mmenyuko umeharibika?

Jibu: Huo wa fosfati usiusikitikie. Viungo vya msalaba, yaani vifungo vinavyoshikanisha minyororo ya molekuli za wanga, huzuia chembe za wanga zisivimbe na kupasuka, na chembe nzima hutawanya mwanga. Asetati hufanya kinyume: hutenganisha minyororo, chembe zikanywa maji zaidi, uji ukaangaa.

Kuyumba kwa usomaji mara nyingi huanzia kwenye mizani. Uji wa 1% hupimwa kwa wanga mkavu; wanga wenye unyevu wa 12% unahitaji gramu 0.57, si 0.50, kwa mililita 50. Chemsha kwenye maji yanayotokota dakika 30, kifuniko kimebana, ukitikisa kila baada ya dakika 5. Poza hadi nyuzi 25, kisha soma kwa nanomita 650 katika kyuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita 1, maji yaliyotoneshwa yakiwa kilinganishi.

Kwa urefu huo wa wimbi wanga haufyonzi mwanga, unaopotea umetawanywa. Hivyo viputo na alama za vidole navyo vitahesabiwa. Viputo viache vipande juu na kutoka vyenyewe. Usichuje wala kuzungusha uji kwenye mashine ya mzunguko: utaondoa zile chembe unazozipima, upate uangavu wa uongo. Wanga wa fosfati hutuama upesi, kwa hiyo pindua kyuveti taratibu na usome papo hapo.

Halafu kuna saa. Uji ukipoa, minyororo ya amilosi (sehemu ya wanga yenye minyororo iliyonyooka) hujikusanya tena na ukungu huongezeka. Usomaji wa baada ya saa 1 na ule wa baada ya saa 24 kwenye nyuzi 4 ni vipimo viwili, usivichanganye.

Swali: Baada ya kuweka asetati bado naona msalaba mweusi juu ya chembe kwenye hadubini ya mwanga uliopolaraizishwa. Asetati haikushika?

Jibu: Msalaba huo mweusi huonyesha mpangilio wa molekuli ndani ya chembe, hausemi lolote kuhusu kiasi cha asetati, hicho kitafute kwa titresheni (kupima kwa kudondosha kimiminika cha nguvu inayojulikana). Ungetoweka, tungeshuku joto au alkali nyingi iliyoivisha chembe kabla ya wakati.